Matawi Niliyoyafagia

Asifiwe Mungu aliyeumba vumbi! Msinicheke, ndugu zangu. Bila vumbi mimi ningekula nini? Wengi wenu mnanijua kwa jile yangu, kizibao changu cha kung'aa, na ufagio wangu mrefu, na wengine hunipungia mkono kila asubuhi mkipita na basi. Mimi ni mfagiaji wa barabara hapa hapa Gikondo, na Kiswahili changu nimetoka nacho Bujumbura nilikokulia, kwa hiyo nikichanganya na Kinyarwanda mnivumilie. Na ninyi wa Kabuga msitazame mlango, najua basi la kurudi ni gumu, lakini leo lazima nitoe ushuhuda wangu.

Kipande changu cha barabara kinaanzia kwenye magereji, kinapanda mpaka kwenye kona ya maghala. Nakipenda kama mtu anavyopenda sebule yake. Ungeweza kumwaga mchele pale, ukauokota ukaupika. Kapita wetu, yaani msimamizi anayepita kukagua, alikuwa akifika kwangu hata hasimamishi pikipiki. Anapiga honi tu, anakwenda kugombana na wengine. Kiburi? Nilikuwa nacho, tena kingi.

Pembeni ya kipande hicho kuna mtaro wa maji ya mvua, mrefu kwenda chini kuliko mimi, umefunikwa kwa vifuniko vya chuma. Mnajua habari ya vifuniko hivyo. Mtu anaamka, anaona chuma cha umma kimelala peke yake, anasema hiki ni cha kwangu, anakibeba akauze kama chuma chakavu. Leo kifuniko, kesho ukingo wa daraja, keshokutwa bomba la maji. Akishapata pesa ya bia mbili, sisi tunabaki na shimo.

Basi, asubuhi moja nafika kazini, ukungu bado umekaa barabarani, naona nini? Matawi! Matawi mabichi ya mikaratusi, yamelundikwa pembeni ya barabara yangu, na gunia limetandazwa juu. Yebaba we! Damu ikanichemka. Nikasema, nani huyu asiye na adabu, anakata ua wa watu halafu anakuja kumwaga takataka kwenye kipande changu? Na kapita yuko njiani! Nikayavuta kwa nguvu, nikayaburuta mpaka kwenye lundo la taka, gunia nalo nikalikunja nikalifunga kiunoni niende nalo nyumbani. Nikafagia pale mpaka pakang'aa.

Naona mmeshaanza kucheka. Ngojeni.

Nikarudi nyuma kidogo nitazame kazi yangu. Ndiyo, ndugu zangu, nilirudi kinyumenyume, mikono kiunoni, najisifu. Nikarudi tena kidogo ili niione vizuri. Ardhi ikaniacha. Nilitumbukia kwenye ule mtaro mzima mzima, ufagio ukabaki juu. Kifuniko kilikuwa kimeibwa, na mimi katika ukungu ule sikuwa nimetazama upande wa mtaro.

Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti. Nilipiga kelele mpaka mafundi wa magereji wakaja mbio na makoti yao ya mafuta. Wakanitoa kwa kamba ya kuvutia magari, Mungu awabariki, wakaniweka juu ya mlango wa gari lililokuwa likitengenezwa, wakanibeba hivyo mpaka lilipopatikana gari la kunipeleka hospitali. Huko madaktari wakanifungua mguu wakanitia chuma ndani, kuunga mfupa. Binti yangu aliponiambia nikamwambia, "Funga mlango vizuri, mwanangu. Wale wezi wakijua nina chuma mguuni watanifuata mpaka kitandani." Huo ndio ulikuwa utani wangu wa mwisho kwa muda mrefu.

Maana niliporudi nyumbani, furaha iliniishia. Daktari alikuwa amesema wazi: mama, usipoutembeza mguu huu kila siku, utakakamaa, na ufagio utauona kwa macho tu. Kapita naye, kwa wema wake, alisema nafasi yangu ataniwekea, lakini siku nitakayorudi lazima niweze kukipanda kipande chote kwa miguu yangu. Na kazi nyingine sikuwa nayo, ni hiyo tu. Nilijua yote hayo, na bado sikuinuka. Kila nikifika mlangoni na magongo yangu, nauona ule mtaro umefungua mdomo. Narudi kuketi. Binti yangu ananibembeleza, namfokea. Mguu ukaanza kuwa mgumu kama mpini.

Na hasira! Nilihitaji mtu wa kumchukia, na Mungu akampitisha mlangoni.

Kuna kijana, hapana, ni mtu mzima mwenye watoto, anayepita mitaani na mkokoteni akinunua vyuma vikuukuu: sufuria zilizotoboka, vitanda vilivyovunjika. Anatokea Gatsata. Siku hiyo alipita akiita kama kawaida yake, "Vyuma! Iko vyuma?" Mimi nilikuwa kwenye kiti barazani. Nikapaza sauti mtaa mzima ukasikia: "Mwizi! Mwizi wee! Umemaliza vifuniko, sasa umekuja kuchukua na mguu uliobaki?" Majirani wakatoka. Watoto wakamzomea. Yeye alisimama, akanitazama mguu, akausukuma mkokoteni wake akaenda. Tangu siku ile hakuna mtu wa mtaani kwetu aliyemuuzia hata kijiko. Nami nikalala vizuri, ndugu zangu. Nawaambia ukweli, nililala usingizi mtamu.

Sasa mnajua desturi yetu katika kundi hili. Mgonjwa asipoweza kuja kwenye sala, sala inamfuata. Mkaja kwangu, mkajaza sebule mpaka wengine wakakaa juu ya kitanda. Na mama kiongozi wetu, huyu hapa anayejifanya hanisikii, akaja na mgeni. Nani? Yule wa mkokoteni! Alikuwa amemkuta njiani, akamuuliza kwa nini siku hizi anaukwepa mtaa wetu, na alichojibiwa kikamfanya amshike mkono amlete.

Nilitaka kurusha gongo. Mama kiongozi akasema, "Tulia wewe. Umsikilize kwanza, halafu ndiyo utarusha."

Yule bwana akavua kofia. Akasema taratibu, "Mama, wihangane, pole sana. Ile asubuhi mimi nilipita pale mapema na mkokoteni. Nikaona kifuniko haiko. Shimo iko wazi, na watoto ya shule wanapita hapo. Nikasema mtu atakufa. Nikakata matawi kwa ua, nikaweka hapo mbele ya shimo, nikatandika na gunia yangu ili watu waone. Halafu nikaenda kuambia watu wa ofisi ya mtaa. Kurudi pale, matawi haiko, gunia haiko, na nasikia mama mmoja ameanguka. Mpaka leo najiuliza. Ni nani ana roho mbaya namna hii, anaweza kutoa matawi ya watu?"

Binti yangu akanitazama. Mama kiongozi akanitazama. Sebule nzima ikageuza shingo, na mimi nikawa natazama dari.

Mnaona, mimi sikuwahi kuunganisha. Miezi yote ile nimelala nawalaani wezi, sikujiuliza hata mara moja yale matawi yalikuwa ya nini. Kila mtu anajua kwamba matawi barabarani maana yake ni hatari mbele. Hata dereva mlevi anajua. Lakini mimi ni mfagiaji wa Kigali! Mimi nikiona jani chini sioni jani, naona aibu yangu. Nilikuta onyo, nikalifagia.

Nikasema, kwa sauti ndogo, "Ni mimi."

"Wewe nini, mama?"

"Mwenye roho mbaya. Ni mimi. Nilidhani ni takataka. Na gunia lako liko nyuma ya nyumba, binti yangu huwekea makaa."

Wa kwanza kucheka alikuwa yeye mwenyewe. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu mama kiongozi, halafu ninyi nyote, mnakumbuka? Mtu mmoja alianguka kutoka kitandani. Nami nikacheka mpaka machozi, na machozi yakageuka yakawa ya kweli, nikamwomba radhi mbele yenu. Alinijibu neno ambalo bado linanichoma. Alisema, "Mama, mimi kuitwa mwizi nimezoea, kila mtaa wananiita. Kuombwa radhi ndiyo sijazoea."

Ndugu zangu, siwezi kuwaeleza vizuri, lakini kicheko kile kilifungua kitu. Ule mtaro uliokuwa unanitisha ukawa mtaro tu. Jioni hiyo hiyo nilitoka mpaka barazani.

Na yeye? Alirudi na mkokoteni na fundi wa kuchomelea. Walikuwa na mabomba ya vitanda vikuukuu, alivyovinunua kwa wenye navyo, tena aliniambia kila kitanda kilitoka nyumba gani kabla sijauliza. Wakanitengenezea ukingo wa kushikilia, kutoka mlangoni kwangu mpaka barabarani. Kila asubuhi nilishika ukingo ule nikapanda na kushuka, huku majirani wananihesabia kama mtoto anayeanza kutembea. Niliumia, nikatukana kidogo, Mungu anisamehe. Mguu ukalainika. Magongo tumempa jirani mwingine.

Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa wetu ulikwenda kulifunika lile shimo. Tulimimina kifuniko cha zege, maana zege halina mnunuzi. Yule bwana alikoroga saruji pamoja nasi, na wale waliomzomea ndio waliombebea mchanga. Wiki hii kapita alinisimamisha chini, kwenye magereji, akasema, "Haya mama, panda." Nikapanda mpaka maghala, na ufagio mkononi. Nilipofika juu mafundi wakapiga honi za magari yote waliyokuwa nayo.

Nawashukuru mafundi, nawashukuru madaktari, binti yangu aliyekula matusi yangu, na ninyi mliojaza sebule yangu. Funzo langu ni dogo. Ukikuta kitu kimekaa njiani kwako na hukielewi, uliza kwanza kimewekwa na nani, na kwa nini. Na mtu vilevile. Asiye na kifuniko nyumbani mwake alichokiokota, asimame na anicheke. Wengine mkirudishe Jumamosi, hatutawauliza kitu.

Yule bwana yuko pale nyuma, karibu na dirisha, amekuja na mke wake na watoto, ameinamisha kichwa kwa sababu anaona haya. Ndugu yangu, inua kichwa. Njoo hapa mbele. Nilikuita mwizi mtaa mzima ukasikia, basi na leo wote wasikie: mguu huu unatembea kwa ajili yako. Mpigieni makofi! Na wapiga ngoma, mnangoja nini? Mnaniambia nikae nipumzike? Nimekaa vya kutosha. Anzeni wimbo, leo nacheza na mguu wa kulia ndio unatangulia.