Gelasius na Jina Lililokuwa Kwenye Kaseti

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuzifokea mashine za kufulia za hospitali yetu, Ndugu Gelasius anastaafu rasmi tarehe 29 Juni 2012. Mashine zimeshapewa taarifa. Hakuna iliyolia.

Alianza kazi huku ughaibuni mwaka 1990, mwembamba, mwenye nywele. Fundi wa kuaminika kweli: kila alichokitengeneza kilifanya kazi mpaka alipogeuza mgongo. Lakini haki yake tumpe, wagonjwa hawajawahi kukosa shuka safi, hata ule mwaka baridi ilipopasua mabomba.

Sifa zake hasa ziko nyumbani kwake, mtaa wa Crescent Town. Huko aliunganisha redio, kinasa kaseti na saa ya kuwashia umeme. Kitufe cha kurekodi anakibonyeza na kukiacha hivyo hivyo. Saa ikifika, umeme unaingia, mtambo unajirekodia wenyewe kipindi cha Kiswahili cha Jumamosi, saa kumi jioni, sisi tukiwa zamu. Jumatatu tunasikiliza tukikunja shuka, naye anapita katikati yetu kama aliyevumbua redio.

Mwaka 2004 mtangazaji wetu, Mohamedtaki, alirudi kutoka likizo Tanzania na salamu za wazazi wetu alizozirekodi vijijini. Mama yake Clementina, mwenzetu wa meza ya kukunja, alikuwemo. Kijijini kwao simu hakuna, na kwao bibi ndiye humpa mjukuu jina. Salamu zilipopangiwa kwenda hewani, Clementina alikuwa wodi ya wazazi, kapasuliwa, na kichanga kisicho na jina. Gelasius akamwambia, “Lala, mwanangu. Mtambo upo.”

Kipindi kile kikasogezwa hadi saa mbili usiku. Gelasius, aliyekaa na Wazungu mpaka saa zake zikabadili dini, akatega mshale kwenye mbili. Jumatatu tukapeleka kaseti wodini, tukamzunguka Clementina. Tukamsikia bwana mmoja akieleza kwa Kiingereza jinsi ya kufunika maua ya waridi yasife na baridi. Tulisubiri kwa adabu, labda mama anafuata. Hakufuata. Clementina akageukia ukutani.

Nilimpa Gelasius maneno ambayo jarida hili la wafanyakazi halichapishi. Hakujitetea. Alipanda basi mpaka chuo kikuu kilicho na kituo cha redio, kule kwenye makutano ya barabara za Jane na Finch, akaketi mlangoni mwa studio hadi Mohamedtaki alipotokea.

“Kipindi kilikwenda saa mbili, mzee.”

“Nami nimerekodi saa mbili!”

“Saa mbili yetu, mzee wangu. Hiyo yako ni saa nane.”

Akarudi na kaseti yenyewe iliyotoka Karagwe, kwao Clementina, ameificha ndani ya koti kama kifaranga. Mama alianza kwa kumgombeza binti yake kwa kukaa kimya, akakohoa, akasema: awe wa kike, awe wa kiume, aitwe Ombeni. Clementina akairudisha nyuma, akasikiliza tena, na tena, mpaka wauguzi wakalijua jina.

Asante, Gelasius, kwa mashine, na kwa kutotafuta kisingizio siku ile. Uzee wako uwe na chakula cha moto na magoti yasiyolalamika. Na Abigael, mkeo, umsaidie vyombo, usimtengenezee kitu. Zawadi yako anayo Ombeni, msichana wa miaka minane anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Meneja alitaka aikabidhi yeye. Ombeni amemwambia, “No.” Basi inama, babu, uipokee.

Bibi Wema, meza ya kukunja shuka