Shangazi wa Kwenye Filamu

Kila msafiri anajua kwamba mazungumzo ya jirani hayamhusu. Hata hivyo, gazeti langu lilibaki kwenye ukurasa uleule. Bibi mmoja alikuwa akimwambia mshonaji aliyeketi naye basini, "Mtoto wa marehemu kaka yangu anapewa tuzo leo kwa filamu inayohusu utoto wake. Humo, shangazi anampigia pasi shuka alitundike ukutani, aonyeshee picha. Mwanangu, mimi nilimchapa kwa sababu ya shuka lile!"

"Basi amekusamehe, mama."

"Au ananisuta mbele za watu?"

"Pengine amesahau."

"Yule? Anakumbuka hata idadi ya fimbo!"

Basi likasimama mbele ya ukumbi. Bwana mmoja nadhifu akaja mbio mlangoni, akaita, "Shangazi!"

Bibi hakuinuka. "Anamwita yupi?" akamnong'oneza mshonaji.