Mkono wa Kushoto wa Nsajigwa Ebeneza, 1957–1994

Marehemu Nsajigwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 kijijini Ikolo, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Ebeneza na mama yetu Neli.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Alikuwa mtu wa kushoto, na darasani mkono huo ulifungwa kitambaa ili aandike kwa wa kulia. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, mwandiko wake ukiwa mbaya kwa mikono yote miwili.

Mwaka 1981 alimposa Ikupa wa Matema. Siku ya mahari alimkabidhi baba mkwe kamba ya ng'ombe kwa mkono wa kushoto. Baba mkwe akasita kuipokea. Ikupa akasema kutoka mlangoni, "Baba, pokea tu. Kwa kulia ng'ombe angemponyoka." Baba mkwe akacheka, akapokea. Walifunga ndoa Agosti mwaka huohuo.

Alilima mpunga Busale hadi mwaka 1990, watu binafsi walipoanza kufungua mashine za kukoboa mjini Kyela, naye akaajiriwa na Mzee Hezroni. Mashine ile ilipangwa kwa mtu wa kulia. Akisimama upande waliposimama wenzake alimwaga mpunga, na wateja walilalamika. Akahamia upande wa pili, unakopita mkanda wa kuzungusha mashine.

Mwezi Mei mwaka huu alimwambia mwajiri wake, "Mzee, naomba unifunikie mkanda huu kwa bati."

"Wenzako wanafanyia kule bila shida," alijibiwa. "Ni wewe tu."

Tarehe 14 Juni mkanda ulinasa shati lake, ukavuta mkono wa kushoto na kuusaga. Hospitalini ulikatwa. Ikupa alipompa kikombe cha uji, alikishika kwa kulia, uji ukamwagika kifuani.

"Huu haujui kitu," alisema. "Nilijua tu."

Kidonda kiliingia sumu, homa ikapanda, na tarehe 2 Julai 1994, alfajiri, akafariki.

Hapa msibani imesemwa kwamba kushoto ndiko kulikomponza. Familia inaomba maneno hayo yakome. Jana mkanda ule ulifunikwa kwa bati. Ametueleza Mzee Hezroni mwenyewe, na amekaa nasi hapa.

Marehemu ameacha mama yake Neli, mjane wake Ikupa, na watoto watatu: Zebedayo, Patrick na Tukuswiga. Tukuswiga ana miaka mitano, na anakula kwa kushoto. Tangu juzi watu wamekuwa wakimhamishia tonge mkono wa pili. Tunaomba aachwe ale.

Mungu ampokee Nsajigwa na ampe utulivu.