Klachi ya Gusheshe la Zwelibanzi

Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, kimekaa juu ya matofali sita mbele ya banda la MaDlomo, pale Mofolo, Soweto, karibu na reli. Mwezi wa Julai moshi wa makaa ya mawe hulala chini asubuhi, hata mtu akija huonekana kofia kwanza, miguu baadaye. MaDlomo hupika kahawa katika birika la bati na kukaanga magwinya, maandazi ya huko, na yeyote mwenye kikombe mkononi ana haki ya kutoa hoja. Wenye vikombe vya kudumu ni watatu. Ephraim Molefe, aliyekuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita, huitwa Jaji, ingawa hajawahi kumhukumu mtu. Solomon Tshabalala huitwa Redio, na ukikaa naye dakika mbili huulizi sababu. Mthunzi Radebe, fundi magari, huitwa Spana. Ijumaa hiyo alikuwapo wa nne, Lungisani Mabizela, karani wa maktaba, mtu wa maneno machache. Mbele yao lilisimama gari jekundu la marehemu mdogo wake, Zwelibanzi, gari la Kijerumani la zamani, dogo, lenye injini kubwa kuliko adabu yake. Soweto nzima huliita gusheshe. Zwelibanzi angezikwa kesho yake asubuhi, na gari halikwenda.

Huko Mofolo, mzungushaji, yaani dereva anayezungusha gari uwanjani kwa mchezo, akifa, gari lake huzungushwa mbele ya nyumba mpaka moshi wa matairi ufunike mtaa. Hapo ndipo jeneza hutolewa. Zwelibanzi, akiwa hospitali, alimshika kaka yake mkono akasema maneno matatu tu: "Lizunguke, kaka. Lilie." Lungisani alijibu kwamba litazunguka. Ilikuwa ahadi ya mwisho waliyopeana, na Lungisani hakuwa mtu wa kutoa ahadi nyingi.

Spana aliingia garini. Alivuta handbreki, akatia gia ya nne, akaongeza mafuta kidogo, kisha akaachia klachi taratibu.

— Sikilizeni, alisema kupitia dirishani. Klachi ikiwa nzima, injini lazima izimike hapa. Gari limefungwa, gia ni kubwa, haina pa kwenda.

Injini haikuzimika. Iliendelea kuimba, tena kwa furaha, kama mtu asiyeambiwa kwamba kuna msiba.

— Umeona? Injini inazunguka, magurudumu hayana habari. Pleti ya klachi imekwisha.

— Usikate kauli mapema, kijana, alisema Jaji. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Simba huyu haendi kabisa, mzee wangu, alisema Redio. Atakula nini?

— Ndiyo maana nasema tusiharakishe. Huenda ni sili ya oili. Sili ikivuja, oili inaingia kwenye pleti, pleti inateleza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Chawa yuko wapi hapo?

— Chawa ni oili.

Spana alizima injini, akainua pua ya gari kwa jeki, akalipanga juu ya magogo, na nyuma vilevile. Kisha akalala juu ya katoni na kuingia chini. Tangu hapo watu wa benchini walizungumza na miguu yake.

Lungisani alishika kikombe kwa mikono miwili. Moshi wa makaa ulikuwa ukipita juu ya boneti jekundu, na kila ulipopita aliona kama matairi yameshaanza kuwaka, kama kesho imefika bila kumwamsha. Alipepesa macho. Gari lilikuwa juu ya magogo.

— Mimi sizungumzi ufundi, alisema Jaji, nazungumza desturi. Mwenye ng'ombe akifa, ng'ombe huambiwa. Mtu huenda zizini akasema, mwenyewe amelala. Je, gari hili limeambiwa?

— Nani aliambie gari? iliuliza miguu ya Spana.

— Familia! Gari halijaambiwa, limegoma. Ni mgomo halali kabisa, ningeutetea mahakamani.

— Wewe ulikuwa mkalimani, Jaji. Ungeutafsiri tu.

MaDlomo alicheka hadi gwinya moja likamwangukia motoni. Redio alisubiri kicheko kiishe, kwa kuwa zamu ilikuwa yake.

— Ninyi wote mnapapasa ukutani, mlango uko huku. Kaka Lungisani, sisi tunakuheshimu, na msiba huu ni wetu. Lakini naomba nikuulize. Jumatano mlikwenda hospitali na tawi, kuichukua roho ya Zweli?

— Tulikwenda.

— Kwa gari hili?

— Kwa gari hili. Angekasirika kupanda jingine.

— Ukasimama na lile tawi lako la miiba pale kitandani alipofia. Ukasemaje?

— Nilisema yanayosemwa. Zwelibanzi, mwana wa Mabizela, nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani.

— Basi! Redio alipiga paja. Wodi ile wamefia watu wangapi ambao hawakufuatwa na mtu? Mwingine kwao Limpopo, mwingine Malawi, wamekaa pale miaka wanangoja. Leo wanasikia mtu mzima, mwenye koti zuri, anasema twende nyumbani. Unafikiri waliuliza nyumbani kwa nani? Walipanda!

— Gari lina viti vinne, alisema Jaji.

— Wafu hawana makalio, Jaji. Walipanda arobaini, labda hamsini. Klachi gani itavuta watu hamsini kwenye mlima ule mlipokwama?

— Hamsini na mizigo yao, alisema MaDlomo.

— Na mizigo yao! Ahsante, mama.

Lungisani alijua kwamba huo ni upuuzi. Hata hivyo aliwaona. Aliwaona wamepakatana katika kiti cha nyuma, wapole, wamevua kofia, kila mmoja akijitahidi asimwegemee mwenzake. Na Zweli kati yao, akiwaambia wasiguse dirisha, mpini wake ni mbovu. Picha hiyo haikumtisha. Ilimfanya ajisikie kwamba safari ile haikuwa na upweke kama alivyodhani.

Kazi ya chini ya gari ilichukua asubuhi nzima. Spana alishusha bomba la moshi, akafungua shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, kisha akaita mikono. Jaji na Redio walilala chini kwa mavazi yao mazuri, wakapokea gia boksi vifuani mwao kama mtoto mchanga mzito, wakailaza juu ya tairi kuukuu. Hoja hazikukatika hata hapo; zilitoka tu kwa pumzi fupi.

Spana alitoka na pleti mkononi, akaiweka juu ya meza ya MaDlomo, kando ya magwinya. Ilikuwa nyeusi, imekwanguka mpaka vichwa vya ribiti. Ilinuka kama nywele zilizoungua.

— Imekauka, Jaji. Hakuna tone la oili. Sili ni nzima.

— Nilisema huenda.

— Na Redio, ngoja. Spana aliipindua pleti kwenye jua. Zweli alikuwa anaichoma klachi, ndiyo. Lakini yeye aliichoma kwa kishindo: anaikanyaga, anaiachia kwa mara moja, tairi inalia. Hii haikufa hivyo. Gurudumu la injini huko ndani limekuwa la buluu kwa joto pande zote, sawasawa. Hii imekufa polepole. Kuna mtu aliendesha maili nyingi mguu wake ukiwa umepumzika juu ya pedali.

Wote walijua nani aliliendesha Jumatano: Mfundo Mabizela, mtoto wa baba mdogo wa Lungisani, ambaye maisha yake yote ameendesha gari la otomatiki, lisilo na pedali ya klachi.

— Mfundo! alisema Redio. Kilometa zote zile? Kaka Lungisani, wewe ulikuwa kando yake. Hukusikia harufu?

Lungisani alitazama ndani ya kikombe.

— Niliisikia tangu tulipotoka getini.

— Ukanyamaza?

— Nilikuwa nimeshika tawi.

Hawakuhitaji kuelezwa. Anayeshika tawi hasemi na mtu yeyote hadi nyumbani. Husema na marehemu tu, akimwonyesha njia, ili asibaki nyuma kwenye kona. Redio alivua kofia yake polepole.

— Kwa hiyo ulikaa pale...

— Nilikaa pale. Niliona mguu wake juu ya pedali. Nilitamani kumpiga kofi. Lakini ningefungua mdomo kwa Mfundo, Zweli angebaki barabarani. Nikapima: gari, au ndugu yangu.

— Hukusema neno lolote? aliuliza MaDlomo kwa sauti ya chini.

— Nilisema. Nilimwambia Zweli. Nilisema, Zwelibanzi, sasa tunavuka daraja. Zwelibanzi, sasa tunapinda kulia. Zwelibanzi, klachi yako inaungua.

— Naye akasemaje? aliuliza Redio, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania.

Lungisani alifikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa namba ya kitabu.

— Tulipofika mlimani gari lilisimama. Injini inaunguruma, sisi hatuendi. Mfundo akaanza kulia. Mimi nikamwambia Zweli, sasa tunangoja kamba. Tukavutwa mpaka nyumbani, sikushuka, sikuachia tawi. Kama alisema kitu, alikisema pale mlimani.

Jaji alikohoa.

— Mficha uchi hazai, alisema.

Hakuna aliyejua methali hiyo imefikaje pale, wala hakuna aliyemuuliza. Ilikuwa imesemwa kwa wema.

Spana aliondoka, akarudi na boksi. Lilikuwa na pleti mpya, presha pleti na beringi yake, seti nzima, aliyokuwa ameiweka tangu mwaka juzi kwa ajili ya gari lake mwenyewe. Lungisani alitaka kusema kitu. Spana alimkatiza kwa kuomba ufagio wa MaDlomo. Alikata mpini kipande cha urefu wa mkono, akakizungushia utepe hadi kikawa kinene sawasawa na shafti ya gia boksi, akakipitisha katikati ya pleti ili ikae katikati kabisa kabla ya kufunga bolti.

— Ikikaa kando upana wa ukucha, gia boksi haiingii hata mkiisukuma watu kumi, alisema. Fungeni midomo kidogo.

Walifunga. Bolti zilikazwa kwa kupishana, moja hapa, nyingine ng'ambo yake, kidogo kidogo. Gia boksi ilipanda vifuani tena, ikasita, ikaingia kwa mlio mdogo wa kuridhika. Redio alikanyaga pedali kwa amri, akaachia kwa amri, mpaka hewa yote ikatoka kwenye bomba la maji ya klachi. Ilipofika saa tisa alasiri gari lilikuwa limeshushwa kutoka kwenye magogo.

Spana alirudia jaribio lake. Handbreki juu, gia ya nne, mafuta kidogo, klachi taratibu. Gari liliinama mbele kama mtu anayesalimu wakubwa, na injini ikazimika papo hapo.

Walipiga kelele hata watu wa ng'ambo wakachungulia. MaDlomo alikamua birika, nusu kikombe kwa kila mtu. Spana aliwasha tena, akalisogeza gari hatua tano mbele, hatua tano nyuma, akaliacha likinguruma bila gia, akaja kukaa. Jua lilikuwa la njano kwa vumbi la machimbo. Kila mmoja alikuwa tayari yuko kesho, katika moshi ule mweupe, matairi yakilia, akina mama wakipiga vigelegele.

Mama mmoja alikuja kutoka upande wa stesheni, blanketi mabegani, mfuko mkononi. Alisalimu wote, mkubwa kwanza.

— Mimi ni Keneilwe Motsumi, natoka Mafikeng. Naulizia msiba wa Mabizela.

— Umefika, mama, alisema Jaji, akisimama. Nyumba ya nne. Huyu ndiye kaka mkubwa.

Alimpa Lungisani pole kwa mikono miwili. Kisha aliligeukia gusheshe, akalitazama kwa muda.

— Nilikuja kumwona mara tatu uwanjani. Kesho litazunguka?

— Litazunguka, mama, alisema Spana. Sasa hivi klachi ni mpya.

— Vizuri. Atalizungusha nani?

Redio, ambaye mdomo wake haujawahi kukosa jibu, alijibu mara moja.

— Si Zweli mwenye...

Aliishia hapo. Kikombe chake kilibaki katikati ya njia. Jaji alitafuta methali, akaonekana akiitafuta, akaacha. Spana alitazama viganja vyake vyeusi. Na Lungisani, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameiona Jumamosi hiyo wazi kabisa, moshi na vumbi na mama yao mlangoni, sasa tu ndipo alipotazama dirisha la dereva katika picha ile, akaona ni kiwiko cha nani kilichokuwa kimetoka nje.

Mama Keneilwe aliweka mfuko wake chini, akasubiri ajibiwe. Gari lilikuwa likinguruma taratibu, mlango wa dereva uko wazi.