Inspekta Aliyemdai Mwenyekiti Nauli

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Sacco yetu ya mabasi, Bwana Hiram Muturi, wanakamati, madereva na makondakta wenzangu, wageni waalikwa, na wewe Inspekta Jepkemei, hamjambo nyote?

Tumekusanyika hapa Nakuru kumuaga Jepkemei, anayestaafu kwa sababu za kiafya. Afya yake, kama mnavyoona, ni nzuri kabisa. Labda ni afya ya kamati iliyokuwa ikizorota.

Mwenyekiti ndiye aliyetuletea kadi za nauli na mashine za kuzisoma, na tunamshukuru. Alisema pesa zinavuja, makondakta wanabeba watu bila risiti, abiria wanajifanya wamelala. "Hata mamangu akipanda bila kadi, ashushwe!" Tukapiga makofi. Nani asingepiga?

Jepkemei, kosa lako ni kwamba ulimwamini.

Asubuhi moja Jepkemei aliingia katika basi letu pale Mai Mahiu kukagua kadi. Wote walionyesha kadi, isipokuwa bwana mmoja mwenye koti zuri kwenye kiti cha mbele.

"Kadi yako, mzee?"

"Unajua mimi ni nani?"

"Nakujua, Mwenyekiti. Mashine ndiyo haikujui."

Abiria walicheka. Mheshimiwa akakataa kulipa, naye Jepkemei akamwambia dereva asiondoke. Dereva nilikuwa mimi, Kipketer. Nilizima injini. Mheshimiwa akashuka, akabaki kando ya barabara akisalimiana na vumbi la malori.

Wiki iliyofuata, kwa bahati tu, Jepkemei alihamishiwa Kuresoi, kwenye magari yasiyo na mashine. Huko akawa anaandika risiti kwa mkono, na akina mama wa viazi, waliozoea kutozwa nauli mara mbili, wakaanza kutozwa mara moja. Mnaona hatari aliyotuletea?

Basi akapongezwa kwa kustaafu ambako hakukuomba. Nilimkuta nyuma ya ofisi akilia. "Kipketer," aliniambia, "nilifanya tu kazi niliyotumwa."

Jibu lake nimelipata jana. Wanachama tulikutana, na kwa kuwa Jepkemei ana hisa zake katika Sacco hii, tumempendekeza agombee uenyekiti mwezi ujao. Amekubali. Mheshimiwa, wewe mpenda nidhamu, najua utakuwa wa kwanza kumpigia makofi.

Mbona kimya, Mheshimiwa?

Basi sisi wengine tusimame tumpigie. Nawashukuru kwa masikio yenu.