Muzee Tambwe na Tangi Lililovuta Pumzi

Tarehe 30 Juni 1957 Muzee Tambwe Onema anaweka nyundo chini, baada ya miaka thelathini na mitatu katika atelye, karakana hii ya reli hapa Kindu. Nimepewa mimi kuandika maneno ya kumuaga, maana katika sisi wote njo mimi niliyefika Stanleyville mara mbili na Albertville mara moja. Na shule tuliachana kwa amani.

Kazi yake ilikuwa kuziba matangi ya mvuke ya garimoshi. Palipopita mkono wake, mvuke haukupata hata tundu la sindano. Mkewe, Mama Élisabeth, anasema sufuria za nyumbani zinaogopa kuvuja.

Basi mwaka 1951 Bwana Henri, Mubelgiji aliyetusimamia, alijijengea ndege nyuma ya nyumba yake: mbao, kitambaa, na motere aliyoing'oa katika gari kuukuu. Njia ya esansi, petroli ya motere, aliichora pamoja na Muzee, kwa chaki, sakafuni. Tangi likae juu ya kichwa cha rubani, esansi ishuke yenyewe. Bomba la shaba likae mbali na joto la motere, esansi isichemke ndani. Chini kabisa robine ya kutolea maji, kwani mapipa ya esansi ya Kindu hunywa mvua. Tangi akalitengeneza Muzee, na kwa mazoea akaliziba kama la garimoshi.

Tukawasha. Motere ikaimba vizuri, halafu tangi likaguna, likavuta pumzi kama mgonjwa, mashavu yakaingia ndani, motere ikafa. Okito, mfua chuma, alikimbia hadi mtoni na nyundo mkononi akipiga kelele: « Muzee, umefungia muntu ndani! » Muzee alicheka hadi akakaa chini. Tangi linalotoa esansi bila kupata hewa hujinyonya lenyewe. Akatoboa kifuniko, akachomea kibomba kilichopinda kuelekea mbele. Upepo ukiingia, kilipiga mluzi.

Asubuhi moja Bwana Henri akaruka kwenda Kalima, na esansi ya kufika Kalima tu. Mluzi ukapita juu ya mabati yetu, ukapungua, ukaisha. Kalima hakufika.

Mjini wakasema Muzee aliliziba tangi pumzi tena, akamuua Bwana Henri.  Tangu hapo Muzee hakugusa tangi jingine la esansi, na kila adhuhuri, mashine zikinyamaza, alitoka nje akainua uso. Mimi ninayecheka mizimu hadharani nilimfuata siku moja nimtanie. Hewa ilikuwa imesimama, hata moshi haukuyumba. Nikausikia mluzi. Utani wangu nikaurudisha mfukoni.

Mwezi uliopita wawindaji wa Obokote, mbali sana kupita Kalima, walituletea tangi. Ndege hawakuiona, wala mwili. Walilifikia kwa kufuata mluzi, ndani ya msitu ambamo, wanasema, jani halikutikisika. Muzee akalipapasa kama mutoto aliyerudi. Mashavu yalikuwa yamejaa. Kibomba kilikuwa wazi. Alipofungua robine, esansi ikatoka. Akalia mbele yetu wote: « Hakufa kwa mukono wangu. »

Esansi hiyo ilitoka wapi, musiniulize. Hata Albertville hawajui.

Wakubwa walimwandalia saa ya ukutani. Yeye ameomba tangi. Mama Élisabeth amekubali, ila litalala nje, upenuni mwa jiko.

Muzee, aksanti. Ulitufundisha kuziba, ukatufundisha na kuacha tundu. Nenda nyumbani Alunguli, ng'ambo ya mto, ukapumzike, pumzi yako iwe ndefu. Na mluzi ukilia siku isiyo na upepo, usifunge mlango. Mwitikie, umwambie Bwana Henri atelye nzima inamsalimu.