Vifaranga Niliowapaka Mafuta

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Na kabla sijamtukuza, acheni nijiaibishe mwenyewe, maana msiposikia kwangu mtasikia kwa majirani: nilichukua vifaranga thelathini wa siku mbili nikawapaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi, mwili mzima, mmoja mmoja, kama watoto wachanga.

Akina mama mmeshaanza kucheka. Chekeni. Mimi ni baba wa kukaa nyumbani, pale Katubuka, na watoto wetu watatu nimewaona wakipakwa mafuta hayo tangu wadogo ili baridi isiwaingie. Wakanawiri. Sasa asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha, upepo wa ziwa umepanda mpaka kwetu, vifaranga wanalia ndani ya boksi. Nikajiambia, mtoto ni mtoto. Nikaleta chupa.

Mjue na hali yangu. Tangu karakana niliyofanyia kazi ifungwe, nilikuwa mtu wa kibarazani. Ziwani siendi, hata boti iliyofungwa kamba inanipa kizunguzungu. Anayetoka kila siku ni mke wangu, Mama Neema, kwenda kuuza mawese Mwandiga. Aliwahi kuniachia bustani ya mchicha, ikaliwa na mbuzi. Akaniachia mbuzi, akapotea. Siku aliponikabidhi lile boksi hakupandisha sauti. Alisema tu, "Baba Neema, hawa wakifa, sitakuachia tena kitu kinachopumua." Watoto walisikia. Ndugu zangu, mwanamume asiyeaminiwa kupewa hata kifaranga ndani ya nyumba yake ni mgeni tu, ila haagi.

Basi nikapaka. Waling'aa! Kwa muda mfupi nilijiona fundi. Kisha manyoya yao yakagandana na ngozi, wakawa kama dagaa waliotoka majini, wanatetemeka, wanapandiana. Kabla ya saa sita mchana, vifaranga sita walikuwa wamekufa.

Na mimi nilifanya nini? Nilikemea. Niliweka mkono juu ya boksi nikafukuza roho ya mauti, nikakemea na jicho baya la jirani. Kwa sababu jana yake Mama Hadija, mama wa Kiujiji aliyefuga kuku maisha yake yote, alichungulia juu ya ua akasema nina vifaranga wazuri. Nikaamua ndiye. Kwenda kumuuliza sikuwaza kabisa. Mimi nina cheti cha kidato cha nne, yeye hakumaliza la saba, anifundishe nini? Nikiwa bado nakemea, wawili wengine wakaanguka.

Hapo ndipo Bwana aliponigusa. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Niliona mikono yangu, jinsi inavyong'aa mafuta. Nikasema, Bwana, mauti haya hayakutumwa na mtu, nimeyaleta mimi kwenye chupa. Nifanyeje? Jibu lililokuja moyoni lilikuwa moja, na sikulipenda: nenda kaulize.

Nikaenda na boksi kifuani. Nikamweleza Mama Hadija yote, hata ile sehemu ya jicho baya. Alichukua kifaranga mmoja, akamnusa, akanitazama.

"Umewapaka mise?"

"Nimewapaka, mama."

"Na poda uliwanyima kwa nini?"

Hakungoja jibu. Alikoka moto, akapasha maji yawe vuguvugu, akatia sabuni kidogo, tukaanza kuwaosha mmoja mmoja na kuwakausha kwa khanga kuukuu. Akanieleza kwamba yale manyoya ndiyo blanketi la kifaranga, nami nilikuwa nimelibandika kwa gundi. Akatia makaa kwenye chungu, akakifunika kigae, akawazungushia vifaranga kipande cha bati, dirisha akaliacha wazi kidogo. Mchana kutwa tulikaa hapo, Mwislamu na mlokole, tunakausha vifaranga. Adhana ilipoita alikwenda kuswali, akarudi akashika pale alipoachia. Watatu wengine walikufa mikononi mwetu. Kumi na tisa wakaishi!

Mama Neema aliporudi nilimwambia kabla hajafunua boksi. Aliwahesabu waliobaki, akaenda kupika. Nami tangu siku ile sikuondoka kwenye kile chungu. Nilijua nani analia njaa na nani analia baridi. Leo, ndugu zangu, majike kumi na mmoja wanataga, na jogoo wangu anawika mpaka Kasingirima wanaamka! Naringa? Naringa katika Bwana.

Wiki iliyopita mke wangu alirudi kutoka Mwandiga na boksi jingine. Akaliweka mapajani mwangu, akaenda kuoga. Hakuniusia neno hata moja. Nilikaa na wale vifaranga nikalia kama mtoto.

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika kujua kila kitu. Nawe unayefunga na kukesha huku jibu lako liko ng'ambo ya ua, mtegemee Mungu, kisha ujishushe ukabishe hodi. Yeye haoni haya kukujibu kwa kinywa cha mtu uliyemshuku.

Jana nilimpitia Mama Hadija, nikamwambia leo nitasimama hapa kushukuru kwa ajili ya vifaranga. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua kichwa. Akasema:

"Shukuru pia kuwa kuku hawasemi, Baba Neema. Wangetangulia wao kutoa ushuhuda, wewe leo usingekanyaga kanisani."